Hiroshima, Nagasaki na hesabu ya roho za watu

 Mimi bado niko huku Uingereza. Najua nimekaa kimya muda mrefu mpaka wengine wakaniandikia kuuliza kama blogu imekufa. Haijakufa jamani, ni zamu za usiku tu, ukirudi asubuhi hata chai huinywi, unaanguka kitandani kama gunia.

Leo sina habari za baridi wala za bei ya nyumba. Wadogo zetu walioko kidato cha tano na cha sita wamenitumia ujumbe wakitaka niwasaidie mdahalo wa shule. Mada yao: je, Marekani ilikuwa na haki kutumia bomu la atomiki mwaka 1945? Nikacheka kwanza, maana mimi ni nesi, si mwalimu wa historia. Lakini swali hilo nalijua. Kila mwaka tarehe 15 Agosti huku wanaadhimisha ushindi dhidi ya Japani, na kwenye chumba chetu cha chai wodini ubishi huwa ni huo huo. Nimesoma mengi ili na mimi niwe na la kusema. Kwa hiyo wadogo zangu, chukueni kalamu, na nyie wakubwa msikimbie, mtakuta na letu humu ndani.

Tuanze na kilichotokea. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliyoitwa Enola Gay iliangusha bomu la urani juu ya mji wa Hiroshima. Lililipuka likiwa bado angani, kama mita 600 kutoka ardhini, kwa nguvu inayokadiriwa kuwa sawa na tani 15,000 za baruti ya TNT. Siku tatu baadaye, tarehe 9, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la pili, hili la plutoniamu, liliangushwa Nagasaki. Nagasaki yenyewe haikuwa lengo la kwanza siku hiyo. Rubani alikuwa ametumwa mji wa Kokura, akakuta wingu na moshi vimeufunika, akageuza. Mpaka mwisho wa mwaka ule wanakadiria watu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na 70,000 hivi Nagasaki. Wako wanaotaja idadi ndogo zaidi, kwa sababu mji ukiteketea na daftari za wakazi huteketea nao.

Sasa msikilize upande wa kwanza, na msikilize vizuri, kwa sababu mdahalo haushindwi kwa kumfanya mwenzio mjinga.

Nilipofika huku, zaidi ya miaka kumi iliyopita, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amefungwa na Wajapani wakati wa vita, wakamfanyisha kazi kwenye ile reli ya Siam na Burma. Nikimwogesha niliona makovu miguuni, ya vidonda vya porini ambavyo havikupata dawa. Siku moja runinga ilikuwa inaonyesha Hiroshima, nikasema tu, "Masikini, watoto wale." Akanitazama akasema, bila hasira, kwamba bila lile bomu yeye angekufa mwezi uliofuata, alikuwa amebaki mifupa, na walinzi walikuwa wameambiwa wawaue wafungwa wote kama nchi itavamiwa. Ndivyo alivyoamini mpaka anakufa. Mimi sikuwa na la kumjibu. Nikaendelea kumpaka mafuta.

Na msidhani vita ile ilikuwa ya Wazungu na Wajapani peke yao. Babu zetu wa Keya walikuwemo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliteremka Bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika, kwenye tope na malaria, ikiwafukuza Wajapani mpaka ikaingia Kalewa mwezi Desemba. Vijana hao walitoka vijijini kwetu kwenda kupigania bendera isiyokuwa yao, na kila mwezi wa vita ulioongezeka ulikuwa mwezi wao pia.

Kuna na meli moja ambayo nataka muikumbuke, nitairudia baadaye. Iliitwa Khedive Ismail. Februari 1944 iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na watu 1,500 hivi, wengi wao askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo pia manesi zaidi ya 50 waliokuwa wanakwenda kuhudumia majeruhi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga torpido mbili. Ilizama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297, na kati yao wanawake 77. Kwa hiyo anayeniambia kwamba Japani ya wakati ule ilikuwa inaonewa, simkubalii. Tena hapo sijataja China, wala Nanjing, wala njaa ya Vietnam ya mwaka 1945 chini ya utawala wa Wajapani, iliyoua watu laki kwa malaki.

Basi hoja ya upande wa kwanza ni hii. Japani ilikuwa haikubali kushindwa. Okinawa, kisiwa kimoja tu, ilichukua miezi mitatu, kuanzia Aprili hadi Juni 1945. Wamarekani zaidi ya 12,000 walikufa, askari wa Kijapani wakaribia laki moja, na raia wa kisiwa pengine laki nyingine. Uvamizi wa Japani yenyewe ulikuwa umepangwa kuanza tarehe 1 Novemba 1945 katika kisiwa cha Kyushu. Kama kisiwa kidogo kimekula watu wengi vile, wanasema, piga hesabu nchi nzima itakula wangapi. Bomu liliua wengi, lakini liliokoa wengi zaidi, hata Wajapani wenyewe. Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, aliandika mwaka 1947 kwamba aliambiwa uvamizi ungeweza kuleta Wamarekani zaidi ya milioni moja waliouawa na kujeruhiwa.

Hoja hiyo ni nzito. Lakini mimi kazi yangu ni ya vipimo, na kipimo kikiletwa mezani nauliza kwanza kimepimwa vipi. Mwezi Juni 1945 kamati moja ya wapangaji wa vita wa Marekani ilikadiria kwamba kuvamia Kyushu na kisha uwanda wa Tokyo kungeua askari wao 40,000 hivi. Mwezi Julai mtaalamu mwingine aliyekuwa anafanyia kazi wizara hiyo hiyo akakadiria kuanzia 400,000 hadi 800,000. Nchi moja, mwaka mmoja, na jibu moja ni mara kumi hadi ishirini ya lingine. Mgonjwa akirudishiwa majibu ya damu ya namna hiyo, daktari atayarudisha maabara, hatamkata mguu. Milioni ya Stimson ilitoka hadharani mwaka mmoja na nusu baada ya bomu, wakati watu walikuwa wameanza kuuliza maswali na serikali inataka kuyajibu.

La pili ni kwamba hesabu ile inatupa njia mbili tu: bomu au uvamizi. Hivi kweli zilikuwa mbili?

Kulikuwa na suala la mfalme. Wamarekani walidai Japani isalimu amri bila masharti yoyote, na Wajapani waliogopa kwamba Mfalme Hirohito angeshitakiwa na kunyongwa. Wamarekani walikuwa wanasoma simu za siri za Japani, wakajua tangu Julai kwamba Tokyo inamtafuta Mrusi awapatanishe. Wako wakubwa mjini Washington walioshauri tamko la kuwataka wasalimu amri liseme wazi kwamba mfalme atabaki. Maneno hayo yaliondolewa. Tamko la Potsdam la tarehe 26 Julai likatoka bila kumtaja. Halafu, ndugu zangu, baada ya mabomu yote mawili mfalme akaachwa abaki, na alibaki kwenye kiti chake mpaka alipokufa mwaka 1989! Kilichokataliwa Julai kilikubaliwa Agosti, maelfu kwa maelfu ya watu wakiwa wameshalala.

Kulikuwa na Mrusi. Stalin aliahidi huko Yalta, Februari 1945, kwamba ataingia vita na Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kushindwa. Ujerumani ilishindwa mwanzoni mwa Mei. Hesabuni wenyewe, mnafika mwanzoni mwa Agosti. Wamarekani walijua.

Na kulikuwa na wanasayansi. Mwezi Juni, kundi lililoongozwa na James Franck liliandika ripoti likishauri bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo na watu. Mwezi Julai, Leo Szilard na wenzake wakafika 70 kwenye waraka wa kumwomba Rais asilitumie kabla ya kuiambia Japani masharti yote waziwazi na kuipa nafasi ya kusalimu amri. Hawa ni watu waliolitengeneza wenyewe.

Sisemi njia hizo zingefaulu kwa hakika. Wanajeshi wa Japani walikuwa wagumu kama jiwe. Tarehe 9 Agosti, Hiroshima ikiwa imeshakuwa majivu na Mrusi ameshavuka mpaka kuingia Manchuria, Baraza Kuu la Vita la Japani lilikaa na kugawanyika watatu kwa watatu. Wangali wanajadiliana, wakaletewa habari ya Nagasaki, na bado hawakukubaliana. Ilibidi mfalme mwenyewe akate shauri usiku wa kuamkia tarehe 10, na hata baada ya hapo maofisa wengine walijaribu kuasi ili vita viendelee. Anayesema ingekuwa rahisi anadanganya. Ninachosema ni kwamba njia hazikujaribiwa. Amri ya kuangusha bomu ilitolewa tarehe 25 Julai, siku moja kabla ya tamko la Potsdam kuitaka Japani isalimu amri. Hukumu iliandikwa kabla mshitakiwa hajaulizwa.

Wanahistoria wanaendelea kubishana ni nini hasa kilichowavunja nguvu Wajapani. Tsuyoshi Hasegawa, katika kitabu alichotoa mwaka 2005, anasema kuingia kwa Mrusi kuliwashitua kuliko mabomu. Wengine wanasema ni bomu. Mfalme mwenyewe alitoa majibu mawili. Hotuba yake kwa wananchi ya tarehe 15 Agosti ilitaja bomu jipya la kikatili. Waraka wake kwa askari, siku mbili baadaye, haukutaja bomu, ulitaja Mrusi. Wadogo zangu, hapo mna silaha ya mdahalo kwa pande zote mbili, itumieni vizuri.

Sasa niingie upande wangu.

Watu wanaotetea bomu wakijua mimi ni nesi huniambia, "Hata nyie hospitalini mnachagua nani aishi." Kweli tunachagua. Ikitokea ajali kubwa ya basi na majeruhi arobaini wakaletwa kwa mpigo, hatuwahudumii kwa foleni. Tunawachambua: huyu anaweza kusubiri, huyu apelekwe chumba cha upasuaji sasa hivi, na huyu, Mungu atusamehe, hata tukimhudumia hataishi, mwekeni pembeni na mtu wa kumshika mkono. Nimewahi kuwa mtu wa kushika mkono. Lakini kuchagua nani aanze kutibiwa si sawa na kuchagua nani auawe. Hata wagonjwa watano wangekuwa wanakufa kwa kukosa figo, maini na moyo, hakuna nesi wala daktari duniani atakayemchukua mtu mzima aliyekuja kumtazama ndugu yake na kumchinja ili awagawie wale watano. Kwa hesabu, mmoja kwa watano ni faida. Na bado kila mtu anajua kwamba aliyefanya hivyo ni mwuaji.

Mtaniambia vita si hospitali. Haya, turudi kwenye meli yetu ya Mombasa.

Khedive Ismail ilipozama, mamia ya watu walikuwa majini wanaelea. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Msafara ule ulikuwa na meli nyingine nne zilizojaa askari, na nyambizi ikiachwa ingeweza kuzirudia. Manowari moja ikaokota watu, nyingine ikapita ikiangusha mabomu yanayolipukia chini ya maji, pale pale walipokuwa wenzao. Baadhi ya waliookoka kwenye meli walikufa kwa mabomu ya watu wao wenyewe. Nyambizi ilizamishwa. Walionusurika kwa jumla ni wanaume 208 na wanawake sita.

Kila nikiisoma habari hiyo mwili unanisisimka, na siwezi kusimama hapa na kumhukumu yule nahodha. Lakini angalieni tofauti. Alichokuwa anakilenga ni nyambizi. Kama watu wale wangeweza kuondolewa pale, angefurahi kuliko mtu yeyote. Alikuwa na dakika chache, adui yuko chini ya miguu yake. Vifo vyao vilikuwa gharama ya kumfikia adui, havikuwa ndiyo njia yenyewe.

Hiroshima haikuwa hivyo. Hiroshima kulikuwa na makao makuu ya jeshi na askari wapatao 40,000, hilo ni kweli lazima lisemwe. Lakini bomu lililengwa kwenye daraja la Aioi, katikati ya mji. Viwanda vikubwa vilikuwa pembezoni, na vingi havikuharibika sana. Kamati iliyomshauri Rais, mwishoni mwa Mei 1945, ilipendekeza kiwanda muhimu kilichozungukwa kwa karibu na nyumba za wafanyakazi. Soma tena: nyumba za wafanyakazi. Walitaka Japani ishituke, na kitakachowashitua ni wingi wa waliokufa. Kama watu wa Hiroshima wangehama usiku ule wote, bomu lisingefanya kazi iliyokusudiwa. Hapo ndipo mimi naona mpaka ulipovukwa. Hawakuwa watu waliosimama njiani kati ya bomu na adui. Wao ndio waliogeuzwa ujumbe.

Na ni nani hao? Bomu lilipeperuka kidogo, halikulipukia juu ya daraja. Lililipukia juu ya hospitali. Hospitali ya Shima, ya daktari wa upasuaji. Yeye alinusurika kwa sababu alikuwa ameitwa mji mwingine kumfanyia mtu upasuaji. Wagonjwa wake na manesi wake wote waliokuwemo walikufa. Mtaani asubuhi ile kulikuwa na wanafunzi wa sekondari zaidi ya 8,000 waliotolewa madarasani kwenda kubomoa nyumba ili moto usisambae mji ukipigwa. Walikufa 6,300 hivi. Kulikuwa na maelfu ya Wakorea, wengi walioletwa kufanya kazi kwa nguvu, watu ambao Japani yenyewe iliwatawala. Kati ya manesi 1,780 wa mji ule, 1,654 walikufa au waliumia kiasi cha kushindwa kazi.

Hospitali ya Msalaba Mwekundu ilikuwa na vitanda 600. Siku ile walikuja majeruhi wapatao 10,000. Daktari Terufumi Sasaki, kijana wa miaka 25, ndiye daktari pekee pale ambaye hakuumia. Alianza kuchagua majeruhi, baadaye akaona la kufanya ni moja tu, kuzuia damu isimwagike. Mimi wodini kwangu nikiwa na wagonjwa kumi usiku nalalamika. Elfu kumi, ndugu zangu, bila maji, bila dawa, na mji unawaka dirishani.

Halafu ukaja ugonjwa usio na jina. Mtu hana jeraha hata moja, baada ya wiki mbili nywele zinatoka kwa mkono, fizi zinavuja damu, madoa ya zambarau yanatoka kwenye ngozi, chembe nyeupe za damu zimekwisha, homa inapanda, anakufa. Fununu ya kwanza waliipata kwenye stoo ya chini ya hospitali hiyo hiyo, walipokuta filamu za eksirei zimeungua zote zikiwa ndani ya maboksi, hazijawahi kutumika. Mionzi ilikuwa imepita kwenye kuta.

Mwandishi wa habari Wilfred Burchett aliitangaza habari hiyo katika gazeti la hapa Uingereza tarehe 5 Septemba 1945. Wakubwa wa jeshi la Marekani wakakanusha. Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi wa bomu, aliwaambia maseneta mwezi Novemba kwamba kwa alivyoelezwa na madaktari, kufa kwa mionzi ni kifo kizuri. Mimi nimeuguza watu ambao uboho wa mifupa umekufa. Si kifo kizuri. Mwaka 1947 Wamarekani wakaanzisha tume ya madaktari Hiroshima ya kuwachunguza walionusurika. Iliwapima damu, ikawapiga picha, ikawahoji wajawazito, lakini haikuwatibu, kwa sababu kazi yake ilikuwa uchunguzi. Walionusurika hawakulisahau hilo. Sheria ya serikali yao ya kuwapa matibabu ilikuja mwaka 1957, miaka kumi na mbili baada ya bomu.

Na Nagasaki je? Hapo hata wanaotetea Hiroshima huanza kukohoa. Siku tatu hazikutosha hata kwa wakubwa wa Tokyo kujua vizuri kilichotokea. Hakuna aliyekaa mezani kuamua kwamba bomu la pili linahitajika, maana amri ya tarehe 25 Julai ilisema mengine yaangushwe kadiri yatakavyokuwa tayari. Likapangwa tarehe 11, likaletwa mbele kwa ajili ya hali ya hewa. Tarehe 10 Rais Truman akaamuru lisitumike lingine bila ruhusa yake. Waziri wake Henry Wallace aliandika katika shajara siku hiyo kwamba Rais aliona wazo la kufuta watu laki moja wengine ni la kutisha mno, na hakupenda kuua watoto wote wale. Siku moja kabla, kwenye redio, Rais huyo huyo alikuwa ameiita Hiroshima kambi ya jeshi. Kwa hiyo moyoni alijua.

Nilisema mtakuta na letu humu ndani. Urani nyingi iliyotumika kwenye mradi ule haikuchimbwa Marekani. Ilitoka Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, enzi za Wabelgiji. Mawe yake yalikuwa na urani nyingi kuliko popote. Mwaka 1940 kampuni ya Union Minière ilipeleka tani zaidi ya 1,200 za mawe hayo New York, zikakaa ghalani, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Zilizochimbwa baadaye zilifuata. Nina mwenzangu wa zamu kutoka Lubumbashi, Kiswahili chake na changu tunachekana lakini tunaelewana. Waliochimba mawe yale walizungumza Kiswahili hicho. Hakuna aliyewaambia mawe yanakwenda kufanya nini, maana mradi wenyewe ulikuwa siri kubwa. Kwenye hesabu ya wale waliookolewa na waliouawa, wao hawamo popote.

Basi jibu langu kwa mdahalo wenu, wadogo zangu. Yule mzee niliyemwogesha sitamwita mtu mbaya kwa kushukuru kwamba aliishi. Babu wa Keya aliyerudi kwao salama, nafurahi alirudi. Lakini mtu kufurahi kwamba amepona hakuhalalishi kila kilichofanyika ili apone. Kabla mtu hajaniambia roho hizi ziliokoa roho zile, anionyeshe kwanza kwamba vipimo ni vya kweli, kwamba njia nyingine zilijaribiwa, na kwamba waliouawa hawakuwa ndiyo shabaha yenyewe. Hiroshima inaanguka mitihani yote mitatu, Nagasaki hata karatasi ya mtihani haikupewa.

Na hili si la zamani tu. Leo nchi tisa zina silaha za nyuklia zipatazo 12,000, na tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022 tunasikia tena wakubwa wakizitaja kama vile wanataja mvua. Mwaka 2024 chama cha walionusurika, Nihon Hidankyo, kilipewa Nobeli ya Amani. Wanachama wake sasa ni vikongwe, wanaondoka mmoja mmoja kama alivyoondoka mzee wangu. Wakiisha, watakaobaki ni watu wenye kalamu na karatasi za hesabu. Kwa hiyo nyie wa kidato cha sita mtakaokuwa maofisa kesho, mkiletewa karatasi ya namna hiyo, ulizeni ni nyumba za nani zilizo karibu na kiwanda.

Haya jamani, macho yananifumba na kesho niko zamu. Mniandikie mdahalo umekwendaje na nani kashinda. Wasalimieni wote, na mama mwambieni dawa za presha anywe kila siku, asisubiri mpaka kichwa kiume.